Fisi Huyu Ni wa Nani?

Jumatatu, 2 Desemba

Fisi nimemuua mimi. Hakuna anayejua. Hata Bibi Esta, anayejua mambo ya kijiji kizima cha Issuna kabla hayajatokea, hajui. Nimeliandika hili mwanzo kabisa ili lisinikae kooni. Sasa limehamia daftarini.

Ilikuwa hivi. Baba mdogo Anselm anachimba shimo la choo nyuma ya nyumba yake mpya, ile atakayomwingiza mchumba wake, Flora wa Kinyangiri. Kazi yangu ni moja tu: kila jioni nifunike shimo kwa mabati na kuweka mawe juu. Kazi moja! Jana nilisimama pale na bati mkononi, nikaanza kufikiria hadithi yangu. Niliposhtuka nilikuwa jikoni nasonga ugali. Bati nilikuwa nimeliegemeza ukutani, kwa adabu kabisa.

Asubuhi, fisi yuko chini ya shimo. Shingo imevunjika.

Baba mdogo alimtoa kwa kamba. Jirani wa kwanza kupita alimkuta amesimama na sururu begani, mguu mmoja juu ya fisi. Akamuuliza kama amemuua yeye. Baba mdogo alikuna kidevu. Nilimwona akiwaza. Kisha akasema usiku ulikuwa mrefu. Kufikia wakati wa chai, usiku huo ulikuwa na mapambano, na fisi alikuwa ameng'ang'ania mpini wa sururu kwa meno.

Nilitegemea watu waje kama kwenye harusi. Hakuja mtu! Walipita barabarani shingo zimenyooka, mwendo wa kati: si wa kusimama, si wa kukimbia. Nikamuuliza Bibi (yeye pekee naweza kumuuliza kitu bila sauti kukwama). Akasema nisiwe mtoto. Fisi wengine wana wenyewe. Mtu anamfuga kimya kimya na kumtuma anakotaka. Ukienda kumtazama fisi aliyekufa, watasema umekwenda kumtambua wako. Nikauliza, na usipokwenda? Akasema hapo watasema umejifungia ndani unamlilia. Ndiyo maana ya mwendo wa kati.

Ajabu kubwa! Maana hadithi yangu imekwama hapo hapo. Nimetunga nchi zenye mazimwi, na mwindaji mmoja anayezizungukia. Wajabali wanampa fahali. Wamagadi wanamlisha nje ya nyumba, kisha wanavunja bakuli. Wamiombo hawalitaji hata jina lake. Kazi ni ile ile, zimwi ni lile lile! Kwa nini huku aheshimiwe na kule adharauliwe? Bado sielewi. Mwindaji ni msichana, hapendi kuongea. Sijui nilimtoa wapi.

Jumanne, 3 Desemba

Utafiti umeanza. Siwezi kuwauliza watu, kwa hiyo nasimama karibu nao.

Bombani: akina mama walinyamaza nilipofika. Ndoo yangu ilijaa kwa sauti kubwa mno.

Dukani: Bi Kuluthumu alimuuzia baba mdogo sukari vizuri tu, akamwita mwanangu. Lakini alipotaka kukaa kwenye benchi, Bi Kuluthumu alikumbuka kwamba benchi ni bovu. Baba mdogo akasimama. Nilipotoka, watu wengine walikuwa wamekaa juu yake na wanacheza bao.

Janeth alikuwepo. Janeth tumemaliza naye kidato cha nne, na mdomo wake haungojei matokeo. Alinisalimia kwa sauti ya kusikika mpaka barabara kuu: "Mambo, mtoto wa muua fisi!" Nilitaka kumjibu kitu kikali. Nilisema poa.

Bibi ana wasiwasi. Jumamosi wakwe wanatoka Kinyangiri kuja kuuona mji wetu kabla ya kutoa jibu la posa. Wakisikia habari ya fisi, binti hawatoi. Nani ataleta mtoto wake kwenye nyumba ambayo mwenye fisi anaitafuta kwa hasira? Na Flora akikosekana, baba mdogo hataoa tena. Anajulikana, akivunjika moyo anakwenda kukaa na nyuki wake porini hata mwezi. Huyu ndiye aliyenipeleka sekondari kwa baiskeli mwaka mzima wa kwanza, kwa sababu nilikuwa nalia kila nikifika getini. Hakumwambia mtu. Na mimi nimemuulia ndoa kwa bati!

(Pia akihamia nyumba mpya, chumba chake ni changu. Kina meza na dirisha. Hiyo si sababu kuu.)

Mpango! Bibi anasema fisi wa mtu huvalishwa alama: shanga, au heleni sikioni. Basi nikithibitisha hana alama, hana mwenyewe. Nilibana pua nikamkagua. Sikio la kushoto zima. Sikio la kulia limechanika, kovu la zamani. Shanga hakuna. Nikampitishia Janeth habari hiyo, maana kumwambia Janeth ni sawa na kupiga ngoma ya mbiu. Nilisema sentensi nzima bila kusita: fisi hana heleni.

Jioni habari imerudi nyumbani. Kijiji kizima kinasema heleni ilikuwepo, sikio limechanika ilipong'olewa, na Anselm ameificha.

Bibi ameamuru fisi arudishwe shimoni na shimo lifukiwe. Baba mdogo ataanza kuchimba jingine kando yake. Ameangalia sururu kama mtu aliyesalitiwa.

Jumatano, 4 Desemba

Mzee Mughwai alipitisha ng'ombe wake. Nikampa shikamoo, nikamletea maji ya kunywa, nikasimama tu. Ukisimama muda wa kutosha mbele ya mzee mwenye ng'ombe, ataongea mwenyewe.

Akasema huyo Anselm amekosea mnyama. Enzi za ujana wake, kijana akiua simba alizunguka nyumba kwa nyumba anacheza. Huku anapewa mbuzi, huku ndama, huku anapakwa mafuta kichwani. Wasichana wanagombana. Lakini fisi? Akacheka mpaka ng'ombe wakageuka. Nikajikaza nikauliza kwa nini, na wote wawili wanakula mifugo. Akaniangalia kama ndiyo kwanza ananiona. Akasema simba anatoka porini, hana jirani wa kumnunia. Fisi anatoka mlango wa pili.

Nimekaa na neno hilo siku nzima. Kumbe watu hawampimi mwindaji kwa ushujaa! Wanauliza zimwi lilitoka upande gani. Likitoka mbali, mwindaji amewaokoa. Likitoka karibu, amewafumbua macho, na hakuna aliyemwomba. Wajabali wanatoa fahali kwa sababu zimwi lao linatoka ng'ambo ya jangwa. La Wamagadi linatoka kwa Wamagadi!

Hapo hapo mpango mwingine ukaja, mzuri kuliko wa kwanza. Shida si baba mdogo. Shida ni mnyama. Basi nibadilishe mnyama.

Nikachukua simu ya Bibi, nikamtumia Flora ujumbe: "Shikamoo mama mdogo. Ni mimi Jesca. Baba mdogo ameua simba. Yeye hapendi kujisifu, kwa hiyo usimuulize."

Kwa ujumbe mimi si mwoga hata kidogo.

Alhamisi, 5 Desemba

Flora hakumuuliza. Alimwambia baba yake. Baba yake, Mzee Fredrick, amewaambia Kinyangiri yote, na Kinyangiri ina ndugu Issuna, na ndugu wana simu. Kabla jua halijapanda, simba alikuwa amefika hapa kwa kuzungukia huko.

Issuna imegeuka! Wale wa mwendo wa kati leo walikuja mbio. Wakasikitika kukuta shimo limefukiwa. Jirani wa kwanza, aliyemwona fisi kwa macho yake, anasema tangu mwanzo alijua kuna kitu, sema jua lilikuwa linampiga usoni. Bi Kuluthumu aliusikia mngurumo akiwa kwenye swala ya alfajiri. Akampa baba mdogo soda baridi, na benchi limepona. Janeth aliuona mkia.

Niliogopa baba mdogo atakanusha. Alipoulizwa mara ya kwanza, alikuna kidevu. Nikamwona akiwaza. Kisha akasema manyoya ya shingoni yalikuwa mengi kweli.

Nilifurahi mpaka mchana. Mchana Mzee Fredrick alipiga simu. Amefurahi mno! Anakuja na kondoo dume wa kumtunza shujaa. Anaomba mambo mawili tu: aione ngozi, na amwone mkwewe akiicheza ngoma ya simba mbele ya ukoo.

Baba mdogo alirudisha simu kwa Bibi kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha mtoto wa watu.

Jioni alikwenda nyuma ya nyumba akajaribu kucheza. Kuku walikimbia.

Ijumaa, 6 Desemba

Nimewaza ngozi. Kwetu kuna ngozi ya mbuzi wa kahawia ambayo Bibi anaanikia mtama. Ukiiona kwa mbali, na wewe unakimbia, inaweza kuwa simba. Niliishonea mkia wa kamba ya katani. Bibi akaingia, akaniuliza huyo mbuzi amefanya nini. Nikasema ni kazi za mikono, nisikae bure. Akatoka. Bibi akitoka bila kusema kitu, jua bado anasema.

Kwa hadithi yangu, jambo geni limejitokeza. Watu wanaomheshimu mwindaji wana gharama zaidi kuliko wanaomdharau. Anayekudharau anakuacha upumzike. Anayekuheshimu anataka ngozi, ngoma na mkia. Nitaongeza nchi ya namna hiyo: wanampenda mwindaji mpaka anatamani zimwi lingeshinda.

Baba mdogo hajala mchana. Amesema tumbo. Akaniuliza kwa upole kama najua nani alianzisha hii habari ya simba. Nikasema labda Janeth.

Jumamosi, 7 Desemba

Mungu wangu. Niandike kwa utaratibu.

Wakwe walifika: Mzee Fredrick, Flora, shangazi zake, na kondoo dume mweupe mwenye dharau. Tulisalimiana sana. Majirani wote walikuwepo, wengine wamevaa za kanisani. Bibi alikuwa amekaanga kuku wawili. Ngozi ya mbuzi ilikuwa tayari nyuma ya mlango. Mzee Fredrick ndiyo alikuwa anasimama kuomba ngoma ianze, tukasikia pikipiki.

Maofisa wa wanyamapori. Wawili, na sare. Wamesikia kuna simba ameuawa Issuna.

Wakasema, kwa heshima kabisa, simba ni mali ya Serikali. Nani amemuua? Kwa kibali cha nani? Ngozi iko wapi, na kucha?

Nikatamani ardhi inimeze. Kumbe na simba ana mwenyewe! Tena mwenyewe ana pikipiki!

Maofisa wakawauliza majirani. Jirani wa kwanza alisema yeye macho yake ni mabovu. Bi Kuluthumu alisema alfajiri ile redio ilikuwa juu. Janeth alisema mkia gani? Sijawahi kuona watu wakisahau kwa pamoja vizuri namna hiyo.

Baba mdogo akawa mweupe kama yule kondoo. Akasema hakuwa simba. Alikuwa fisi. Ofisa akasema basi tumwone. Ikabidi afukue, na suti, mbele ya wakwe, na ule mpini ulioumwa na fisi. Harufu ilifika kabla ya fisi. Shangazi wa Flora akaziba pua kwa kanga, na kuku wa Bibi wakaliwa na nzi.

Fisi alipotoka, kila mtu alirudi nyuma. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumtazama. Hata shangazi walitazama mawingu. Uso wa Mzee Fredrick ulikuwa umefungwa. Akamuuliza baba mdogo taratibu kwa nini aitwe kutoka Kinyangiri kumtunza mtu kwa fisi. Baba mdogo alijipangusa udongo kwenye suti. Flora alitazama chini. Nilijua imekwisha. Nilifungua mdomo niseme kila kitu, mbele ya watu wote. Kweli nilifungua. Ilitoka hewa.

Ofisa akauliza fisi alikufaje. Baba mdogo akakiri kwamba hakupigana naye, alimkuta amevunjika shingo shimoni. Watu wakaguna. Ofisa akauliza nani aliacha shimo wazi.

Baba mdogo akaniangalia. Mara moja tu, haraka, kama tulipokuwa tunafika getini kwa baiskeli.

Akasema, "Mimi."

Ofisa akaandika kuwa ni ajali, akamwonya kuhusu kufunika mashimo. Nami nikameza kitu kikubwa kuliko fisi.

Sasa sikiliza. Mzee Fredrick ni mgeni, na mgeni hana mwendo wa kati. Kwa hasira zake akaenda moja kwa moja mpaka kwenye mzoga, akainama, akaona lile sikio lililochanika. Akapaza sauti:

"Huyu namjua!"

Hata kondoo aligeuka.

Akaendelea kusema kwamba fisi mwenye sikio kama hilo alimlia mbuzi mwaka jana, na sikio hilo ni kazi ya mbwa wake. Hakuna aliyesikia maelezo. Issuna yote ilikuwa imeshusha pumzi. Mwenye fisi amepatikana! Tena si wa hapa! Familia zilizokuwa zinatazamana vibaya wiki nzima zikaanza kupeana mikono. Mtu mmoja akauliza fisi anawezaje kutembea kutoka Kinyangiri mpaka hapa. Bibi akajibu kwa utulivu kwamba fisi wa kawaida hawezi. Wa mtu anafika.

Mzee Fredrick akageuka, akaona nyuso. Akaelewa. Nilimwona akielewa, kidogo kidogo, kama maji yanavyopanda kwenye ndoo. Akasema jamani, mimi sifugi. Akina mama wakaitikia kwa huruma kwamba bila shaka, mzee, hufugi.

Bibi akamsogelea na kikombe cha chai. Akamwambia kwa sauti ya chini, ambayo wote tuliisikia, kwamba yeye haamini maneno ya watu. Ila sasa, mzee akikasirika na kuondoka na binti yake, watu si watasema analipizia kisasi fisi wake? Wakati mtu asiye na fisi angecheka tu, akatoa binti, na kondoo akamwacha.

Mzee Fredrick alikunywa chai yote bila kupumua. Kisha akacheka. Hakikuwa kicheko kizuri, lakini kilikuwa kirefu. Akasema posa imekubaliwa, na kondoo abaki.

Flora aliinua uso. Baba mdogo, na udongo mpaka masikioni, alicheza ngoma ya simba bila ngozi. Alicheza vibaya sana.

Jumapili, 8 Desemba

Kanisani watu walimpisha baba mdogo benchi la mbele. Hakuna anayekumbuka kwamba alidanganya. Wanakumbuka kwamba mwenye fisi yuko Kinyangiri.

Nimefikiri sana. Nadhani nimeelewa. Hakuna nchi inayomheshimu au kumdharau mwindaji. Watu wanamtazama yeye ili wasitazamane wenyewe. Zimwi likipata mwenyewe wa mbali, mwindaji anakuwa ndugu. Wajabali, Wamagadi na Wamiombo ni watu wale wale, siku tofauti.

Baada ya ibada baba mdogo alinichukua pembeni. Hakugombeza. Akasema harusi ni baada ya mavuno, chumba nitakipata, ila nimfanyie jambo moja. Shimo jipya limefika kifuani. Kila jioni, mabati.

Nikaapa. Nimejifunza. Sitasahau bati maisha yangu yote, na sitasema tena uongo hata wa ujumbe.

Jumatatu, 9 Desemba

Leo nimeandika vizuri ajabu! Jioni nzima, nimekaa juu ya mabati pale ukutani. Ni mazuri kukalia, yana ubaridi. Mwindaji wangu amefika nchi ya wale wenye kicheko kirefu, na yuko karibu kusema neno lake la kwanza.

Juu ya mabati.

Bibi ameita kwamba kondoo wa Mzee Fredrick haonekani.

Nimekwenda kuangalia. Yumo shimoni. Hajaumia. Anatafuna kitu na ananitazama kama ofisa. Kumtoa siwezi peke yangu, na kumwita baba mdogo siwezi kabisa; jana tu niliapa. Bibi akaita tena. Nilipofungua mdomo, safari hii haikutoka hewa. Nilisema nadhani nimesikia fisi.

Usinishangae! Ni uongo mdogo wa muda tu, mpaka nipate kamba. Kesho kondoo atarudi mwenyewe, kila mtu atafurahi. Fisi ambaye hayupo hawezi kumdhuru mtu.

Bibi tayari amejifunga kanga, anakwenda kwa Bi Kuluthumu. Namsikia barabarani anasema mwenye fisi amemfuata kondoo wake.

Narudishia mabati juu, asipigwe na baridi. Wewe uliyesoma mpaka hapa, nakuomba, usimwambie mtu. Hasa Janeth. Na ukipita kwetu asubuhi ukasikia kitu kinalia chini ya bati, pita tu. Mwendo wa kati.